Niliombwa kutafsiri Kigogo mahakamani, mpaka leo sijui nilisaidia au niliharibu

Wakuu, salaam kwenu, na wakubwa shikamooni.

Mimi humu ni msomaji zaidi, nachangia mara moja moja mtu akiuliza mambo ya friji. Leo naleta la kwangu. Sijaongeza chumvi. Nimebadili majina tu, na mahakama yenyewe sitaitaja, ni ya mwanzo, upande wa Bahi.

Kwanza mnijue kidogo. Ni fundi friji, kibanda changu kipo Majengo, Dodoma mjini. Baba Mgogo, mama Mrangi, nyumbani tulikuzwa kwa Kiswahili. Kigogo changu ni cha salamu, matani, na kuomba maji. Nikikaa na wazee nusu saa, naelewa kama nusu.

Hiyo nusu ndiyo iliyoniponza.

Jina langu kwenye cheti cha kuzaliwa lilikuwa tofauti na la kitambulisho. Nikaambiwa nikaape mahakamani, na baba yangu mkubwa anayeishi kule Bahi aje athibitishe. Nikapanda bodaboda, nikafika saa mbili asubuhi. Baba mkubwa akasema yuko njiani. Mnajua njiani ya wazee.

Nikakaa kwenye benchi la nje. Pembeni yangu alikuwepo bibi mmoja, nitamwita Bibi Nyemo. Nikamsalimia "mbukwenyi", akaitikia, tukapiga stori mbili tatu kwa Kigogo. Yeye anaongea, mimi naitikia.

Karani akapita, akatuona. Akaniuliza, "Kaka, unajua Kigogo?"

Nikasema ndiyo. Kwa nini nilisema ndiyo bila kuongeza "kidogo", wakuu, sijui. Labda aibu. Mgogo unaulizwa kama unajua Kigogo, mbele ya bibi wa Kigogo, unajibuje?

Kumbe bibi ni shahidi, amesema Kiswahili hakipandi, na mkalimani wao wa siku zote amekwenda msibani. Dakika kumi baadaye nimeshaapishwa, nimesimama mbele ya hakimu, nafsi yangu bado iko nje inamsubiri baba mkubwa.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi.

Bibi Nyemo ana mtoto mmoja wa kiume, nitamwita Yona. Alichukuliwa na mjomba wake akiwa mdogo, akakulia Morogoro, Kigogo hajui kabisa. Alikuja likizo kumsalimia mama yake, akakuta mtamba hayupo zizini. Mtamba ni ng'ombe jike ambaye hajazaa bado. Akamkuta kwa jirani, mtu mzima wa miaka hamsini hivi, nitamwita Chilongani. Hakuuliza sana, akaenda polisi. Chilongani akashtakiwa kwa wizi wa ng'ombe.

Chilongani alikuwa anasema bibi mwenyewe alimkabidhi yule mtamba. Yona anasema uongo, mama yake hawezi kutoa ng'ombe bila kumwambia. Kwa hiyo neno la bibi ndilo lililokuwa linasubiriwa.

Hakimu, mama mmoja mpole, akamuuliza bibi ilikuwaje. Niliuliza kwa Kigogo changu cha kuunga unga. Bibi akajibu sentensi moja fupi.

Nilielewa mambo matatu: Chilongani, asubuhi, zizini. Katikati kulikuwa na kitenzi ambacho nilikuwa nimekisikia utotoni, lakini sikuwa na uhakika nacho. Sitakiandika hapa, wenyeji watanisuta kwa tahajia.

Nikasema, "Mheshimiwa, anasema Chilongani alikuja asubuhi akamchukua mtamba zizini."

Hakimu akaandika.

Chilongani akanyoosha mkono. "Mheshimiwa, bibi hajasema hivyo."

Watu wa nyuma wakaanza kunong'ona, askari akawanyamazisha. Hakimu akanigeukia. "Mkalimani, una uhakika?"

Nikamtazama bibi. Alikuwa anaangalia mikono yake.

Nikasema, "Ndiyo, mheshimiwa."

Wakuu, hilo "ndiyo" la pili ndilo linalonisumbua. La kwanza lilikuwa aibu. La pili nilijua kabisa sijui.

Chilongani akajitetea siku ile ile, hakuwa na shahidi mwingine. Hakimu akapanga hukumu baada ya wiki mbili. Mimi nikatoka nje, baba mkubwa ameshafika, tukaapa kiapo chetu, jina likakaa sawa, nikarudi mjini.

Siku tatu sikufanya kazi ya maana. Nafungua friji ya mteja, nasahau nilikuwa natafuta nini. Siku ya nne nikaenda kwa shangazi yangu anayekaa Chang'ombe, ya hapa hapa Dodoma. Nikamtamkia lile neno, nikamuuliza maana yake.

Akasema, "Ni kuondoka na mnyama."

"Kwa kuiba?"

"Inaweza kuwa kuiba. Inaweza kuwa amepewa akamlee kwake. Inategemea wanaoongea wanajua nini."

"Sasa mtu atajuaje ni ipi?"

"Si unamuuliza," akasema, kama vile nimemuuliza kitu cha kitoto.

Sikumuuliza, wakuu. Nilikuwa na bibi mwenyewe mbele yangu, na sikumuuliza.

Siku ya hukumu nikafunga kibanda, nikawahi kufika kabla hawajaanza. Nikamwambia karani, karani akamwambia hakimu. Mahakama ilipokaa na wote wakiwepo, nikasimamishwa nikaeleza kwamba lile neno lina maana mbili, na mimi nilichagua moja bila kujua.

Hakimu hakunifokea. Alisema tu, "Ungesema siku ile." Hilo lilinichoma kuliko angenifokea.

Akaahirisha hukumu, akaagiza bibi aitwe tena, aletwe mkalimani mwingine. Wiki iliyofuata akaja mwalimu mstaafu wa pale kijijini. Nilienda pia, hakuna aliyeniita. Nilitaka kusikia.

Mwalimu hakuacha mlango wazi. Alimuuliza bibi, kwa Kigogo ambacho hata mimi nilikielewa: ulimpa, au aliiba?

Bibi akamwangalia Yona. Akamwangalia Chilongani. Hakimu akamwambia taratibu kwamba lazima ajibu.

Akasema, "Nilimpa."

Akaeleza kwamba alipougua miguu, Chilongani na mkewe ndio waliokuwa wanamchotea maji na kumpikia, msimu mzima. Akampa mtamba akae naye, akizaa maziwa yawe ya watoto wa Chilongani.

Mwalimu alivyokuwa anatafsiri, Yona alisimama, akachukua koti lake, akatoka. Hakurudi. Chilongani akaachiwa huru siku hiyo hiyo.

Hapo nilidhani nimefanya la maana. Nikatoka nje nimenyanyua kichwa kidogo.

Bibi alikuwa amekaa kwenye benchi. Nikamwendea kumpa pole. Akaniambia, kwa Kiswahili, Kiswahili kilichonyooka kama hiki ninachoandika:

"Mjukuu wangu, kwa nini ulirudi?"

Nikamuuliza, "Bibi, kumbe Kiswahili unakijua?"

"Nimeuza karanga stesheni miaka kumi na tano, nitaachaje kukijua?"

Akanieleza. Alichagua Kigogo makusudi, na lile neno alilichagua makusudi. Mwanawe na majirani walidhani ni woga wa mahakama tu, wakamwachia. Alitaka kusema neno ambalo halimfungi Chilongani wala halimfanyi mwanawe mwongo mbele za watu. Alitegemea mkalimani mwenyeji angelieleza kwa pande zote mbili, na hakimu angeona hapa hakuna ushahidi, awarudishe nyumbani.

"Ukaja wewe," akasema. Hakusema kwa hasira.

Nikamwambia lakini bibi, nisingerudi Chilongani angefungwa.

"Angefungwa," akakubali.

"Sasa nilikosea wapi?"

Akafikiri. Akasema hata yeye hajui. Kisha akasema Yona ndiye aliyekuwa anampigia simu kila Jumapili, na anavyomjua, hatapiga tena.

Imepita miezi mitano. Hajapiga. Baba mkubwa ananiambia Chilongani alimrudisha mtamba zizini kwa bibi wiki ile ile. Bibi alimkatalia, lakini Chilongani akamfunga mtamba pale pale na kuondoka. Kwa nini, sielewi. Labda aliogopa. Labda alikasirika kwamba bibi alichelewa kusema.

Nimegeuza jambo hili kila upande. Nikisema ningekaa kimya, naona mtu asiye na hatia yuko ndani. Nikisema nilifanya sawa, namwona bibi pale kwenye benchi.

Nilichojifunza ni kimoja tu, na ni kidogo: ukiulizwa kama una uhakika na huna, sema huna, hapo hapo, aibu ni ya dakika moja. Ningesema siku ile, wangetafuta mkalimani wa kweli, na pengine bibi angepata alichokuwa anakitaka.

Siku hizi Jumapili nampigia mimi. Anaongea Kigogo tu, Kiswahili chake ameshakirudisha kabatini. Nusu ya maneno yananipita. Ananisubiri, nami namwambia, "Bibi, hapo sijaelewa, rudia." Anarudia.

Wenye uzoefu wa mahakama, na wazee wa busara humu, nipeni mawazo yenu. Mngekuwa mimi mngerudi? Na kuna anayejua namna ya kumwendea Yona? Namba yake ninayo, sijathubutu kupiga.