Utumbo Mpana Ndani ya Tumbo Langu

Siku tatu kabla ya kukatwa tumbo, nilikuta utumbo mpana ndani yake.

Sitanii. Kaeni niwamegee.

Kazi yangu ni kukata nyama za wagonjwa. Kipande kinagandishwa kwenye nta, nakipitisha kwenye kisu cha mashine, unatoka utando mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu. Naubandika kwenye kioo, naupaka rangi, naufunika kwa gundi na kioo kingine chembamba. Hiyo ndiyo slaidi. Daktari anaiweka kwenye hadubini, anasoma.

Daktari wetu tulimwita Mama. Ndiye aliyenifundisha kisu.

Mwezi uliopita tumbo lilinisokota, madaktari wakachukua vipande vitatu vya ukuta wake. Sheria ya maabara yetu: kipande cha mwili wako hukigusi. Akavikata mwenzangu wa meza, tunaitana pacha. Mama akasoma.

Saratani.

Mama alinikumbatia mpaka koti lake likalowa machozi.

"Masomo yapo tu, mwanangu. Uhai kwanza."

Nikaandika barua ya kuachia nafasi yangu ya masomo chuoni, niliyoisotea miaka minne. Mama aliipeleka mwenyewe. Upasuaji ukapangwa Alhamisi.

Basi Jumatatu, Mama akiwa kikaoni, nikaitoa slaidi yangu. Nilitaka tu kumwona adui.

Saratani niliiona, imevurugika kama nyuzi zilizochezewa na paka. Lakini pembeni palibaki nyama nzima, isiyoguswa na ugonjwa, nikaisogeza katikati.

Tumbo lina vijishimo, na chini yake seli za asidi zenye sura ya mayai ya kukaanga. Sikuona hata moja. Niliona tezi zilizonyooka kama mirija kwenye kibao, zimejaa seli za kamasi juu hadi chini. Tumbo linaloumwa linaweza kuota tezi chache za aina hiyo. Si shamba zima.

Ule ulikuwa utumbo mpana. Wa mtu mwingine.

Nikamvaa pacha palepale. Wa pili kwenye orodha ya chuo alikuwa yeye.

"Umenibadilishia slaidi. Uliitaka nafasi yangu."

"Mimi?" Akaiinua dirishani. Hakupaza sauti. "Nilikukatia wiki tatu zilizopita. Gundi ya wiki tatu ina rangi gani?"

"Haina rangi."

"Na hii je?"

Kingo zilikuwa za njano kama chai iliyolala. Lebo mpya, kioo kikongwe.

Slaidi kongwe zinakaa kwenye sanduku la kufundishia. Ufunguo wake unaning'inia shingoni mwa mtu mmoja.

Mama hakukana. Alivua miwani, akaifuta taratibu.

"Ningesema nimekosea kabla ya Alhamisi. Kisu kisingekugusa."

"Na barua yangu?"

"Ukiondoka nani atanikatia? Hawa wengine wote wananiletea utando wenye mikunjo."

Slaidi yangu halisi ilikuwa kwenye mkoba wake, imefungwa leso. Daktari wa hospitali nyingine aliisoma: michubuko tu, vidonge vinatosha. Upasuaji ukafutwa.

Nafasi ilishahamia kwa pacha. Aliondoka bila kuniaga, na haki anayo.

Nilimtafuta msaliti kwa anayefaidika nikianguka. Kumbe ni anayefaidika nikibaki palepale. Huyo ni vigumu kumshtukia, wadogo zangu, kwa sababu hakuchukii hata kidogo.