Mrija Unaomjua Mwongo

Mtaani wanamwita Mama Mirija. Kazi yake ni kutengeneza taa za mabango: analainisha mrija wa kioo motoni, anaukunja uwe herufi, anaufyonza hewa kwa pampu, kisha anaingiza gesi kiduchu. Neoni hutoa wekundu; agoni yenye tone la zebaki hutoa samawati. Hewa ikijaa, umeme unagoma kupita. Gesi ikiwa kidogo, chembe za umeme zinapata nafasi ya kukimbia, zinaigonga, nayo inatoa mwanga. Hayo humweleza yeyote anayesimama mlangoni, atake asitake.

Asichoeleza ni mchezo wake. Chini ya meza amefunga kifaa cha kukagulia mirija, chenye umeme mkali unaotetemeka kwa kasi. Akikanyaga swichi, mrija wenye gesi ukishikwa juu ya meza unawaka bila waya. Pampu ikinguruma, mlio wa kifaa hausikiki. Shemeji yake aliwahi kuungama mbele ya mrija huo hata mambo ambayo hakuulizwa.

Kwa hiyo kijana aliyemchumbia bintiye wa pekee alipokuja kuchukua jibu, alikalishwa mezani palepale, pampu ikinguruma. Binti alisimama kando ya rafu, kucha mdomoni. Alikuwa ameapa kwamba bila baraka za mama haolewi.

Tatizo ni kwamba kijana anauza mikanda ya taa za plastiki, zile za kubandika ukutani kwa gundi. Mama Mirija huzitaja kama mtu anayetaja upele.

"Shika huu, mwanangu," alisema, akimpa mrija. "Unamjua mwongo. Akidanganya, unawaka."

Akamuuliza kama anakunywa pombe. Hanywi. Mrija ukawaka. Kijana akakumbuka kwamba kwenye harusi huwa anaonja, nao ukazima. Akamuuliza kama aliwahi kuwa na mchumba mwingine. Hapana. Ukawaka. Wakapatikana wawili, kisha watatu, na binti akaacha kucha zake akaanza kumkodolea macho.

Jasho likamtoka kijana. Alipoinua mkono wenye mrija kujipangusa, mwanga ukafifia, alipoushusha, ukarudi. Naye pia alikuwa mtu wa taa. Akaanza kunyoosha mguu taratibu chini ya meza kama mwenye ganzi, akitafuta swichi. Mama Mirija alipoinua wake kujikuna kifundo, nafasi ikapatikana.

"Mama, na mimi niulize moja. Unanichukia?"

"Nikuchukie kwa lipi, baba? Hata kidogo."

Mrija ukawaka mwekundu mpaka ukuta ukabadilika rangi.

Mama Mirija akashusha mguu haraka kutafuta swichi. Akakuta kiatu. Binti, aliyeujua mchezo huo tangu utotoni, akageukia rafu, mabega yakitikisika.

"Toa kiatu chako hapo."

"Kwanza jibu la kweli, mama."

Mama Mirija akausukuma ule mguu, haukusogea.

"Nilikuchukia," akasema Mama Mirija, "mpaka sasa hivi."

Kijana akatoa mguu. Mrija ukazima. Mama akajikausha asicheke, akashindwa, akamwambia awalete wazee wake. Kijana akashusha pumzi, akataka kuuweka mrija mezani.

"Usiuweke," binti alisema, akivuta kigoda. "Mama, nipishe. Swichi nakanyaga mimi. Haya, huyo wa tatu ni nani?"