Jina la Kaka Yangu Mgongoni mwa Tonton

Hadi leo nikisikia harufu ya kafuri na mafuta ya kuchua misuli, tumbo linanigeuka. Sisemi hivyo ili kupamba. Ni kichefuchefu chenyewe: mate yanajaa mdomoni na inanibidi nitoke nje. Harufu hiyo iliingia nyumbani kwetu Mangobo, mjini Kisangani, msimu wa mvua nilipokuwa na miaka kumi na mmoja, wiki moja tu baada ya kumzika kaka yangu Faustin. Viti vya matanga vilikuwa bado uani. Turubai lilikuwa bado limefungwa kwenye nguzo za jiko, linavuja kila kona. Ndugu za Mama waliopanda mto kutoka Yanonge walikuwa wamejilaza sebuleni kwenye mikeka, macho yamevimba kwa kulia. Na katikati yao, kwenye kiti cha Papa, alikaa Tonton Gaston, mdogo wake Papa, amekunja suruali hadi mapajani, anajichua miguu huku akipiga mluzi. Kesho yake alikuwa na majaribio ya mpira. Mluzi, jamani, mbele ya wafiwa!

Faustin alikufa kwa homa akiwa na miaka kumi na saba. Alikuwa mrefu, mpole, na fundi wa redio. Angeweza kukaa asubuhi nzima na kisu kidogo na waya mpaka redio iliyokufa ianze kukohoa, kisha kuimba. Kitu kimoja hakukijua kabisa, nacho ni mpira. Wenzake walimweka golini kwa kumwonea huruma, na hata huko walijuta. Siku moja alipiga mpira uani kwetu ukaingia kwenye sufuria ya mchuzi wa Mama, tukacheka mpaka tukakaa chini, na yeye mwenyewe ndiye aliyecheka zaidi. Nayasema haya mapema ili msomaji ajue kaka yangu alikuwa nani, kwa sababu huko mbele atasikia watu wakiliimba jina lake kwa mambo ambayo hakuyafanya kamwe.

Majaribio aliyoyangojea Tonton yaliletwa na wakala mmoja kutoka Kinshasa, mtu mwembamba mwenye miwani myeusi ambayo hakuivua hata ndani ya nyumba. Alitafuta mshambuliaji wa kumpeleka Asia. Huko, alitueleza huku akila kuku wa matanga, nchi kubwa zina kombe lao kubwa, lakini zile nchi ndogo, zile ambazo mpira wake bado unatambaa, zimetengenezewa mashindano yao: kila nchi inaleta klabu bingwa yake, wanakutana mahali pamoja, wanachapana. Klabu moja ya huko ilikuwa na nafasi ya mgeni mmoja. "Wale ni wadogo," alisema, "lakini ni ya kimataifa. Mutoto akionekana pale, wakubwa wanamubeba." Papa alicheka, akajibu kwamba wadogo kwa wadogo tutaelewana. Kwa Papa, aliyekuwa akifanya kibarua bandarini na kurudi na mabega yaliyochubuka, neno kimataifa lilikuwa limekwisha kumlevya.

Tatizo lilikuwa moja. Klabu ilitaka kijana asiyezidi miaka ishirini, na Tonton alikuwa na ishirini na saba. Kwetu hilo halikuwa jambo la kumkosesha mtu usingizi. Wachezaji wote wa mtaani walikuwa wamepunguza miaka. Ulikwenda kutafuta karatasi yenye tarehe mpya, ukarudi umezaliwa upya, na hakuna aliyekuona mwongo. Lakini wakala alisema karatasi hizo za haraka zimeshajulikana huko nje. Alitaka hati za mtu wa kweli, zilizoanza siku ya kuzaliwa: cheti cha uzazi, kadi ya ubatizo, karatasi za shule. Kisha Papa akainuka, akaingia chumbani, akatoka na bahasha ya Faustin. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na mlango nikimenya mihogo, na nilimwona kwa macho yangu akiifuta vumbi kwa kiganja.

Mama alipoelewa, alisimama. Watu walikuwa wakimwita Mama Faustin, kama ilivyo desturi yetu mwanamke kuitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na alikuwa mtu wa sauti ya chini. Siku ile hakuipandisha sauti. Alisema tu, "Jina ya mutoto yangu haiko nguo." Papa akamjibu bila kumtazama, "Marehemu atafanya nini na makaratasi? Gaston iko hai. Unataka sisi wote tufe?" Tonton yeye aliendelea kujichua goti. Nilisubiri aseme neno moja, hata la uongo, hata pole. Alimwuliza wakala kama huko Asia kuna baridi.

Kuanzia hapo ndipo uchafu wenyewe ulipoanza, kwa maana huwezi kuvaa jina la mtu bila kumtoa mtu huyo makaburini kwanza. Wakala alisema kuna mwenzake atakayepita mtaani kuuliza habari za kijana. Basi siku hiyohiyo turubai likafunguliwa, viti vikarudishwa parokiani, na ndugu za Mama wakaambiwa warudi Yanonge kabla hata siku za matanga hazijatimia. Kifo hakikupelekwa kuandikishwa kwa wakubwa wa komini, ofisi ya serikali ya mtaa. Papa alikwenda makaburini na kipande cha chupa, nami nikamfuata kwa sababu hakuna aliyenikataza. Alipiga magoti mbele ya msalaba wa mbao ambao rangi yake ilikuwa bado inang'aa, akalikwaruza jina la mwanawe herufi moja baada ya nyingine mpaka mbao ikabaki nyeupe. Alikuwa akitoka jasho. Alipomaliza aliniambia niwe na akili, na kwamba kuanzia leo Tonton Gaston ni yaya Faustin, yaani kaka yangu mkubwa.

Na majirani? Ndiyo swali ninaloulizwa kila ninapoyasimulia haya. Majirani walilibeba jeneza, waliimba usiku kucha, walikula kuku wetu. Walijua wote. Mtu wa wakala alipopita, mzee jirani yetu aliyelia kwa sauti kuliko wote mazikoni alimwambia, "Faustin? Mutoto wa hapa! Nilimuona akizaliwa." Akapigwa picha. Wengine walikuja kumpongeza Papa kwa bahati. Mwanamke mmoja muuza mikate alimwambia Mama mbele yangu eti Faustin amefungulia familia njia akiwa huko aliko. Aka! Nilitamani kumtemea mate kwenye kapu lake. Mtaa mzima ulijiunga, kila mmoja na kipande chake kidogo cha uongo, na kila mmoja alikwenda kulala akijiona amesaidia.

Tonton alifaulu majaribio, akaondoka. Mama alivaa nguo nyeusi asubuhi iliyofuata, akafunga kitambaa cheusi kichwani, akaanza kufagia uwanja. Papa alimkuta hivyo, akafunga lango upesi. Sitayasahau maneno yake mpaka nife: "Mutoto iko ku Asie. Sasa unavaa matanga juu ya nani?" Mama aliingia ndani akavua. Nilimkuta amekaa kitandani, kitambaa kile amekikunja mara nyingi mpaka kimekuwa kidogo kama kipande cha sabuni, anakibana mkononi. Hakulia. Alikuwa amekatazwa hata hilo, maana kuta zetu zilikuwa za udongo na wapita njia wana masikio.

Miezi kadhaa baadaye ikafika video. Mwenye ukumbi wa sinema mtaani alipewa flashi na wakala, akawasha jenereta mchana, akaita watu bure. Mama alibebwa, nasema alibebwa kweli, na wanawake waliomvika liputa, kitenge kipya, na kumkalisha mbele kabisa. Kwenye skrini kulikuwa na uwanja nusu tupu, mvua nyembamba, matangazo ya maandishi tusiyoweza kuyasoma. Timu ya Tonton ilivaa kijani. Alipogeuka tukaliona, limeandikwa kwa herufi nyeupe kutoka bega hadi bega: FAUSTIN. Nadhani kipindi cha kwanza alianguka zaidi kuliko alivyokimbia. Kisha mpira ukamgonga gotini, ndiyo, gotini, ukaingia golini, na mtangazaji akalipiga kelele jina la kaka yangu mara tatu kwa matamshi ya ajabu. Ukumbi ukalipuka. Watu waliruka juu ya mabenchi: "Faustin! Faustin!" Mzee jirani alikuwa akilia tena, safari hii kwa furaha. Wanawake walimkumbatia Mama, walimtikisa, walimpepea kwa kanga zao, na yeye alikaa katikati yao mikono imelala mapajani. Nilimsikia peke yangu, kwa kuwa nilikuwa nimejibanza ubavuni mwake. Alikuwa akisema taratibu, "Mutoto yangu hajui mupira. Mutoto yangu hajui mupira."

Timu ile ilifungwa mabao manne kwa hilo moja, ikafungwa tena mechi iliyofuata, ikarudi nyumbani. Ndiyo habari nzima ya kombe. Hakuna mkubwa aliyekuja kumbeba Tonton. Alituma jezi moja, ambayo Papa aliitundika sebuleni mahali palipokuwa na picha ya Faustin, na Jumapili alikuwa akiivaa kwenda kunywa. Wakala hatukumwona tena. Tonton alibaki hukohuko, akapata kazi kwenye ghala, akaoa. Alipopiga simu alijitambulisha kwa jina la kaka yangu hata kwa Mama. "Mama, ni Faustin," alikuwa akisema, akicheka. Mama alikuwa akiiweka simu mezani ikiendelea kusema peke yake.

Sasa nakaribia miaka thelathini na nafundisha shule ya msingi. Watu wa rika langu hupenda kusema kwamba zamani watu walipendana, kwamba siku hizi ndiyo dunia imeharibika. Mimi huwaacha waseme. Siku hizi mtoto akifa, jirani akiniletea uongo naweza kumfukuza. Zamani ile ya mapenzi nilimwita mtu mzima yaya kwa miaka mitatu kwa sababu mtaa wote ulikubaliana. Mwaka jana mwanafunzi wangu mmoja wa zamani alinionyesha kwenye simu orodha ya wachezaji wa yale mashindano, ambayo nasikia yamekwisha kufutwa na kuanzishwa mengine. Jina la kaka yangu lipo. Tarehe yake ya kuzaliwa ipo, ni ya kweli, ni ile siku Mama aliyomzaa kwa uchungu. Mechi mbili, bao moja. Nilikimbilia nyuma ya darasa nikatapika.

Papa alifariki muda mfupi baadaye. Tulimwekea matanga kamili, siku zote, turubai, viti, nyimbo. Siku ya mwisho ilipokwisha Mama aliniambia, "Sasa naenda kuandika jina ya mutoto." Tulipita kwanza komini kuuliza cheti cha kifo. Karani kijana alimsikiliza kwa adabu, akatafuta, akamwambia, "Mama, huyu iko hai, alitoka na pasipoti." Mama hakubishana. Alinunua kopo la rangi nyeusi na brashi ndogo, tukaenda makaburini.

Sikuwa nimefika huko tangu siku ile ya chupa. Papa alikuwa amemkataza Mama kwenda, eti ataonekana, na aliyeambiwa hivyo miaka yote hukoma. Makaburi yalikuwa yamejaa, mengine yamechimbwa juu ya mengine, majani yamepanda hadi kiunoni. Misalaba ya mbao mingi ilikuwa imekwisha kuchukuliwa kuni, na iliyobaki imeoza, haina jina wala rangi, yote sawa. Tulizunguka mpaka jua likawa kali. Mama alishika huu, akashika ule, akapapasa mbao kwa vidole kutafuta mikwaruzo. Kila mbao ilikuwa na mikwaruzo. Mwishowe alisimama mbele ya mmoja uliolala upande, pumzi zimemwishia, akanigeukia mimi niliyekuwepo jina lilipokwaruzwa.

"Ni hapa?"

"Ni hapa, Mama," nikasema.

Akapiga magoti, akafungua kopo, akaandika Faustin polepole, akirudia kila herufi mara mbili ili mvua isiifute. Kisha akalia, kwa sauti, kama alivyotakiwa kulia tangu zamani, na mimi nilisimama nyuma yake nimemshikia kopo. Sijui ni nani aliyelala pale.