Tulipokuwa Tukipoza Ubongo wa Siwema

Siku ya kwanza kazini nilivaa suruali ya kanisani, maana niliambiwa ni kazi ya utafiti. Msimamizi wa banda, mzee wa Kifipa mwenye sauti ya upole, alinitazama kuanzia miguuni. "Kijana, umekuja kuoa?" Akanipa koleo. Nikazoa samadi mpaka mchana.

Ninyi mtakaoajiriwa kutunza wanyama wa utafiti, nawaandikia mimi, mstaafu wa miaka ishirini na tisa. Mradi ukiisha unastaafu tu, umri hauulizwi. Shule niliishia kidato cha pili, ila niliyoyaona pale nje kidogo ya Sumbawanga naweza kuyaeleza.

Mkuu wetu, mama mtafiti tuliyemwita Daktari, alitaka kujua ni sehemu gani ya ubongo inayomsaidia mbuzi kujifunza picha mpya kwa macho. Badala ya kuiharibu sehemu hiyo, aliilaza kwa muda. Daktari wa mifugo alimpa mbuzi nusu kaputi, akamwekea chini ya fuvu mirija miwili myembamba, mmoja upande wa kila sikio. Kidonda kilipopona, tukawa tunapitisha spiriti ya baridi humo. Sehemu ile ikipoa inaacha kazi. Ukizima pampu, baada ya dakika chache inaamka.

"Ni kama kijiji kilichokatiwa umeme," Daktari alisema. "Nyumba hazijabomoka."

Mbuzi wangu aliitwa Siwema. Tulimwekea vibao viwili vyenye picha, na nyuma ya kimoja mna pumba; akikiangusha hicho, anakula. Mimi nilikaa nyuma ya vibao, kichwa kikionekana. Ajabu, hata akipozwa, Siwema alijifunza picha mpya vizuri tu. Daktari akaanza kuandika ripoti kwamba sehemu ile haihusiki.

Washikaji wa mtaani kwetu Chanji walinitania: "Oya, mgandisha mbuzi! Leo umeuza barafu ngapi?" Nilicheka nao. Nilimpenda mbuzi yule, nikajivunia akili zake.

Asubuhi moja niling'olewa jino, nikaja kazini mdomo una ganzi. Siwema akapozwa. Akatazama vibao, akanitazama mimi, akasubiri. Akachagua kibaya. Akakosea tena, na tena.

Hapo ndipo nilipohisi midomo yangu inajaribu kufanya kitu, inashindwa. Ukoo wetu ni wafugaji waliohamia kijiji cha Msanzi. Kwetu ng'ombe akielekea njia sahihi unamvutia midomo, sauti ndogo kama ya kumbusu mtoto. Miezi yote ile nilikuwa nikimfanyia Siwema, bila kujijua.

Nikisema, kazi ya miezi minne inatupwa, na huenda mimi nikafuata. Nisiposema, ripoti inaondoka na uongo wangu.

Nilimfuata Daktari mlangoni. "Shikamoo, Daktari. Siwema hasomi vibao. Ananisoma mimi."

"Marahaba. Jino limekupandishia homa?"

Nikamweleza yote, mate yakinichuruzika upande wenye ganzi. Aliketi juu ya ndoo.

"Kwa hiyo miezi minne nimepima midomo yako."

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

"Na midomo yenyewe haina hata masharubu!" Msimamizi akadakia kutoka bandani.

Daktari alicheka huku akifuta macho. Kisha akasimama. "Tunaanza upya. Litundikwe blanketi, asikuone. Ukae kimya. Na majibu utaandika wewe mwenyewe."

Nyuma ya blanketi nilisikia kwato zikienda huku na kule. Siwema alilia akiniita, sikuitika. Baridi ikiwa kichwani hakujifunza picha hata moja. Niliandika kosa, kosa, kosa, kwa mkono wangu, kila moja likinichoma.

Kisha tukaacha baridi, tukarudia picha zile zile. Siku mbili alibahatisha. Siku ya tatu kwato zilisimama kidogo, zikaenda moja kwa moja. Kibao kikaanguka, nikamsikia anatafuna. Hakuna aliyemwonyesha.

Mradi ulipoisha alitolewa mirija, na sasa anakula mabua uani kwa Msimamizi. Watu huniuliza kama sikumwonea huruma. Nilimwonea, tena sana, na huruma ile ndiyo iliyokuwa ikimjibia. Mbuzi yule alikuwa na akili yake mwenyewe. Nusura nimnyime nafasi ya kuionyesha.