Nilipima madini ya chuma kwenye vidonge vya dada, nusura nimponze kwa wakwe zake

Wakuu, wakubwa shikamooni, tulio rika moja habari za kazi.

Leo nimekuja kujisifu, ila naanza na aibu yangu msije mkasema naficha. Ninayoandika yamenitokea mimi mwenyewe, sijasimuliwa kijiweni. Majina tu ndiyo nimebadilisha.

Mimi ni fundi wa maabara hapa Tabora. Maabara yetu ni ya udongo. Mkulima wa tumbaku analeta udongo kwenye mfuko, tunampimia potasiamu, tunamwambia shamba linataka mbolea gani.

Tuna mashine inaitwa AAS. Kwa wasioijua: unaipa maji ya sampuli, inayapuliza kwenye moto wa gesi, halafu mwanga wa taa maalum unapita kwenye ule moto na mashine inasoma umemezwa kiasi gani. Kila madini yana taa yake. Taa ya potasiamu kwetu haipumziki. Taa ya chuma ilikuwa kwenye boksi inakula vumbi.

Sasa dada yangu Tekla ameolewa Itetemia. Mumewe ni dereva wa lori, anaweza kukaa safarini mwezi mzima, kwa hiyo nyumbani yupo na mama mkwe wake. Alikuwa na mimba ya miezi mitano, kliniki wakamwambia damu imepungua. Wakampa vidonge vya chuma vya kuongeza damu, vikamtapisha, akaviacha kimyakimya. Hilo lilikuwa kosa lake na alilikiri.

Mama mkwe alipojua hakugomba. Aliuza karanga zake, akanunua kopo la multivitamini kwa muuzaji mmoja anayepita na begi. Kopo limeandikwa kila kidonge kina miligramu kumi za madini ya chuma. Akamkabidhi mkwewe, akamwambia hivi havitapishi.

Mwezi ukaisha. Kliniki wakapima tena, damu imeshuka zaidi. Nesi akamwambia wazi kwamba kujifungua na damu ile ni hatari kwake na kwa mtoto.

Wiki hiyohiyo mama mkwe akakuta kuku uani wanadonoa kidonge. Dada akasema kilimponyoka mkononi. Nani amwamini, wakati vile vya kwanza aliviacha kwa siri? Mama akatoa uamuzi: kama Tekla anatupa dawa ya mtoto, Jumatatu arudi kwao Ipuli, akaangaliwe na ndugu zake mpaka mume arudi.

Mnajua mtaani kwetu mke akirudishwa na mimba watu wanasema nini. Mama yetu mzazi asingetoka hata kwenda jumuiya.

Dada akanitumia kopo na ujumbe mfupi. "Mdogo wangu, wewe una mashine. Pima."

Jumamosi nikaomba ruhusa kwa mkuu wangu wa kazi, Mama Sabina. Nikafuta vumbi taa ya chuma. Nikatwanga kidonge kwenye kinu chetu, nikachemsha unga wake kwenye asidi, nikachuja. Nikatengeneza na blank, yaani asidi tupu isiyo na kidonge, ili kama asidi yenyewe ina uchafu niutoe kwenye hesabu. Blank ikasoma safi kabisa. Nikajiona profesa.

Kidonge kikasoma miligramu kumi na tatu.

Nikampigia dada. Nikamwambia, "Chuma kipo, dada. Sema tu ukweli yaishe."

Akakata simu. Na mimi kwa kiherehere changu, mama mkwe aliponipigia kuuliza, nikamjibu vilevile.

Jumatatu asubuhi Mama Sabina akapitia daftari langu. Ni mama wa maneno machache na miwani ya kamba. Akagonga ile kumi na tatu kwa kalamu.

"Wameandika kumi, wewe umepata kumi na tatu. Lini mfanyabiashara akakuzidishia?"

Akaniuliza nimetwangia wapi. Nikaonyesha kinu.

Wakuu, kinu chetu ni cha chuma. Cha chuma, na kina kutu! Tunavunjia mabonge ya udongo wa kichuguu. Miaka yote hakijatusumbua kwa sababu sisi tunatafuta potasiamu, hakuna anayejali chuma. Na kidonge kilikuwa na rangi ya machungwa, kwa hiyo unga ulipobadilika rangi sikushtuka. Blank yangu ilikuwa safi kwa sababu haikupita kwenye kinu.

Nikachukua sukari ya chai ya ofisini. Nikaitwanga kwenye kinu kilekile, nikaipitisha hatua zilezile. Mashine ikasema sukari ina chuma cha kutosha kumtibu mama mjamzito.

Nilicheka kwanza, halafu nikataka kulia. Saa ile dada alikuwa anafunga nguo.

Nikampigia mama mkwe, nikamwomba anipe siku moja tu. Akaguna, akakubali.

Safari hii sikutwanga. Nikatumbukiza kidonge kizima kwenye asidi, kwenye glasi safi, nikakisubiri kiyeyuke chenyewe. Chuma: karibu na sifuri. Nikachukua cha pili, cha tatu, cha nne, yale yale. Mababu zetu walitembea kwa miguu mpaka Bagamoyo na mizigo mabegani, mimi kurudia kipimo ningechokaje?

Mama Sabina akanibana: utajuaje kama mashine haijapofuka? Nikaongeza kwenye maji yaleyale tone la chuma ninalojua kipimo chake. Mashine ikalisoma lote. Haikuwa imepofuka. Kopo ndilo lililokuwa linadanganya.

Nilipiga kelele mpaka mlinzi akaja.

Kesho yake nikaenda Itetemia na kinu kwenye mfuko. Begi la dada lilikuwa mlangoni. Nikamwamkia mama, akaitikia marahaba bila kunitazama. Sikumwonyesha karatasi ya majibu. Nikalowesha kitambaa cheupe, nikapangusa ndani ya kinu, nikampa. Kikatoka rangi ya jembe lililolala nje masika. Nikamweleza kwamba hicho ndicho nilichokipima mara ya kwanza, na kwamba kwenye vidonge hakuna kitu.

Akakishika kile kitambaa muda mrefu. Nikajua anafikiria karanga zake. Kisha akamwita dada, akampisha kwenye kiti chake.

"Tekla, mama, nimekuonea. Nisamehe."

Dada akapiga goti, akamwambia yameisha, kwani hata yeye mama alidanganywa. Begi akalirudisha ndani mama mwenyewe.

Nikafurahi kupita kiasi. Nikawa nangoja sifa zangu. Dada akanisindikiza mpaka njiani, akanipa mfuko wa matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha, akasema polepole:

"Mama angalau siku ile alikikuta kidonge chini. Wewe ulikuta nini?"

Nikashika njia na matobolwa yangu.

Akarudi kliniki, nesi akamfundisha kumeza vile vidonge vya mwanzo baada ya kula. Mama mkwe akawa anamsimamia na uji mkononi. Damu ikapanda. Kopo tukalipeleka kwa wanaohusika na dawa. Dada alijifungua salama, mtoto wa kike, analia utafikiri anauza samaki.

Siku hizi mama mkwe akinunua chochote anasema kipelekwe kwa mjomba kikapimwe. Juzi kaniletea asali. Na kinu chetu kina karatasi Mama Sabina ameibandika: KISITUMIKE KUPIMA CHUMA.

Nilichojifunza kwenye kazi: blank ipite kila mahali sampuli inapopita. Nje ya kazi: kabla ya kuwasha taa nilipaswa kumuuliza dada, "Ulivimeza?" Angesema ndiyo. Sikumuuliza.

Wa maabara mlioko humu, semeni na nyie kinu chenu kilikuwa kipi. Jina la kopo msiniulize. Na kama una dada anayeambiwa muongo kwa wakwe, mpigie leo, halafu uje utuambie amesemaje.