Kikapu cha Wanawake

Hakuna mtu pale Marereni aliyekuwa na mwandiko mzuri kama wa Jedida, na kwa miaka minane mwandiko huo haukumfaa kitu. Alikuwa mwalimu asiye na cheti. Alifundisha darasa la kwanza katika shule ya watoto wa vibarua wa chumvi, watoto sitini na tatu chumba kimoja, na kila mwaka ukiisha watoto wale walikuwa wanasoma. Lakini kwa serikali, mtu asiye na cheti ni wa kushikilia nafasi tu mpaka mwenyewe afike. Jedida alilijua hilo. Cheti alikitaka kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote, hata mume.

Mume mwenyewe aliitwa Gerishom. Ndiye aliyemleta pwani mwaka wa sabini na nane, kutoka Umaragoli kule magharibi, alipopata kazi ya ukarani katika ofisi ya chumvi. Kanisani alikuwa katibu. Watu wa bara waliokusanyika pale, pamoja na Wagiriama wachache waliookoka, waliona kwamba mtu anayeshika kalamu ofisini anafaa kuishika kanisani pia. Kanisa lilikuwa la mabati matupu, nyuma ya kambi ya wafanyakazi, na ikifika saa tano za asubuhi mhubiri alifupisha mahubiri apende asipende.

Kanisa hilo lilikuwa na desturi yake. Jumapili ya kwanza ya mwaka, kabla ya sadaka, vilizungushwa vikapu viwili vya ukindu, kimoja upande wa wanaume, kingine upande wa wanawake. Ndani mlikuwa na vikaratasi vilivyokunjwa mara nne, kila kimoja kina neno moja lililopigwa chapa. Ulifumba macho, ukamuuliza Mungu lile ulilo nalo moyoni, ukatia mkono. Neno ulilolitoa ndilo la kukuongoza mwaka mzima. Sharti lilikuwa moja: neno ni siri yako na Mungu. Ukimwonyesha mtu, hata mumeo, limekufa. Wasiojua kusoma walisomewa na Easter, mke wa mchungaji, ambaye aliwanong'oneza mmoja mmoja sikioni kisha akawarudishia karatasi zao.

Januari ya themanini na tatu, mwalimu mkuu, Mzee Menza, alimletea Jedida fomu ya chuo cha ualimu.

"Jaza hii, mwalimu," alimwambia. "Hawachukui mtu aliyefika miaka thelathini. Wewe una ishirini na saba, lakini siku zinakimbia."

Jedida aliiweka fomu juu ya meza nyumbani, chini ya kopo la sukari, akangoja Jumapili. Ilipofika alimuuliza Mungu waziwazi: niende au nisiende? Akatia mkono kikapuni. Alipokunjua karatasi nyuma ya kanisa, peke yake, alisoma Subira. Alilia kidogo, akajifuta uso, akatii. Fomu akampa Masha, kijana aliyefundisha darasa la pili na aliyekuwa bado akikosea tahajia ubaoni.

"Chukua wewe," alimwambia. "Mimi nimeambiwa ningoje."

Mwaka wa themanini na nne fomu ikaja tena. Akauliza lile lile, akajibiwa lile lile. Themanini na tano, vivyo hivyo. Kufikia hapo moyo wake ulishaanza kuvimba kwa fahari, maana Mungu anayerudia neno mara tatu hachezi, ana jambo kubwa analokuandalia. Kila mara Gerishom alimuuliza akiwa mezani, "Umepewa?" Naye alijibu, "Nimepewa." Gerishom akasema, "Basi tumtii Mungu, mama," akamega ugali. Fomu ilikuwa hapo hapo mbele yake, chini ya kopo la sukari.

Septemba ya mwaka huo Jedida alitimiza miaka thelathini. Mzee Menza hakuleta fomu tena, na jambo kubwa aliloandaliwa halikuonekana.

Aliyeonekana ni Masha. Alirudi Januari ya themanini na sita na cheti chake. Mambo ya elimu mpya ya nane-nne-nne yalikuwa yamepamba moto na wakubwa walitaka walimu waliosomea kazi, kwa hiyo Masha akapewa darasa la kwanza na Jedida akaambiwa awe msaidizi wake. Masha alikuwa na haya. Alimwamkia shikamoo, akatazama sakafu. Jedida akaitikia marahaba, akamkabidhi sanduku la chaki, akaenda kukaa nyuma ya darasa pamoja na watoto wenye kamasi. Ilimuuma vibaya sana, lakini alijiambia kwamba hajaachwa, anangojeshwa tu.

Jumapili ya kwanza ya mwaka huo Easter hakuwako. Alikuwa amelazwa Malindi, amefanyiwa upasuaji. Jedida alitoa neno lake la nne, likawa Subira, naye hata hakushangaa. Ibada ilipoisha alifuatwa na Kadzo, mjane wa kutoka Adu aliyekuwa akikwangua chumvi kwa kibarua. Chumvi ilikuwa imemla miguu mpaka akawa anatembea kwa visigino.

"Mwalimu, nisomee," Kadzo alisema. "Mama Mchungaji hayuko, nami sijui hata herufi moja."

"Neno ni siri, Kadzo."

"Siri hata kwangu mwenyewe? Nilibebe mwaka mzima bila kujua ni nini?"

Kadzo akamweleza pia alichomuuliza Mungu. Mama yake alikuwa peke yake kule Adu, mzee, na shamba lilikuwa linamegwa na baba zake wadogo upande huu na huu. Alikuwa amemwita bintiye arudi alime kabla ya mvua za masika. Kadzo alitaka kujua arudi au akae kwenye chumvi.

Jedida akaikunjua karatasi na kumsomea. Kadzo aliitikia kwa kichwa mara nyingi, taratibu, akaifunga karatasi katika pindo la leso yake. "Basi nitakaa," alisema, akaenda zake kwa visigino.

Alikuwa hajafika mbali, Mapenzi naye akaja, jirani yao pale kambini, akiwa na karatasi yake. Jedida alisoma na kucheka kidogo, kwa mshangao, kisha kile kicheko kikamkauka mdomoni.

Alingoja mpaka Jumamosi, zamu yake ya kufagia kanisa. Vikapu vilikuwa kabatini. Cha wanaume kilikuwa na karatasi tisa zilizobaki, akazikunjua zote: Ushindi, Hekima, Safari, Mavuno, Jenga, na nyinginezo, hakuna mbili zilizofanana. Cha wanawake kilikuwa na kumi na moja. Alianza kuzikunjua polepole. Kufikia ya tano alikwisha kujua, lakini aliendelea mpaka ya mwisho, kwa sababu ni mwalimu na mwalimu hasahihishi nusu ya daftari. Subira, zote kumi na moja.

Gerishom alikuwa nyumbani akimenya njugu. Jedida alimwagia karatasi zile mezani, kisha akafungua Biblia yake na kuongeza zile nne alizozihifadhi humo kama fedha ya akiba. Chapa ilikuwa ile ile, ya mashine ya ofisini kwao, yenye herufi b iliyokatika tumbo.

Gerishom alizitazama. Swali lake la kwanza lilikuwa hili: "Nani mwingine ameona?"

"Nakuuliza mimi kwanza."

Akasukuma njugu kando, akaanza kueleza kwa sauti yake ya kusoma kumbukumbu za mkutano. "Unamkumbuka Nduku?"

Nani asingemkumbuka? Nduku alikuwa mke wa fundi wa pampu. Mwaka wa themanini na mbili alitoa neno Ondoka, na Jumatatu yake akafunga virago, akaenda Mtwapa, akapanga chumba na kuuza chapati. Waliomwona walisema amenenepa.

"Mumewe alileta malalamiko," Gerishom alisema. "Kamati ikakaa. Tukaonelea wanawake wapewe neno moja, la kujenga nyumba, ili kusiwe na fujo."

"Na wanaume?"

"Wanaume hawakuwa na tatizo."

"Nani alipiga chapa?"

"Si mimi ndiye katibu?"

"Ulijua nilikuwa namuuliza Mungu nini."

"Ningejuaje, mama? Neno ni siri."

"Fomu ilikuwa juu ya meza hii, Gerishom." Tangu waoane hakuwa amemtaja kwa jina. "Miaka mitatu, chini ya sukari. Ulikuwa ukiinua kopo, unachota sukari, unalirudisha juu yake."

Gerishom alimenya njugu moja, akaitazama, hakuila. "Lakini subira ni neno zuri," alisema.

Jedida alimchukia. Alimchukia kwa utulivu, bila kupiga kelele, na jambo lililomshangaza ni kwamba alijichukia yeye zaidi. Kosa la mtoto wa darasa la kwanza alilikamata kutoka mwisho wa chumba, lakini miaka minne alishika karatasi ya ofisi ya mumewe, ile b mbovu ikimtazama, akalia machozi ya shukrani juu yake. Zile kumi na moja alizikusanya akazitia mekoni. Zake nne akazirudisha kwenye Biblia. Hakujua kwa nini.

Jumatatu, watoto walipotoka, alikwenda kwenye mashamba ya chumvi kumtafuta Kadzo. Alimkuta ameketi kwenye tuta, miguu ameifunga matambara. Njia nzima Jedida alikuwa amepanga kumwambia kila kitu.

"Kadzo," alianza, "na kama lile neno liliandikwa na mtu tu? Kwa makusudi yake, si Mungu?"

Kadzo alijivuta nyuma kana kwamba ametemewa mate. "Usiseme hivyo, mwalimu, tafadhali. Mimi nimeacha koma za kwetu, mizimu ya wazee, ndugu zangu wamenicheka, yote kwa ajili ya neno hili. Ukinitoa hapa nibaki na nini?"

Jedida alitazama yale matambara miguuni. Aliona kwamba ukweli angeweza kuusema mpaka jua litue, na Kadzo angekaa pale pale kwenye tuta, akingoja, mpaka Adu pasibaki hata pa kupanda mhogo mmoja. Yeye mwenyewe angefanya hivyo hivyo. Alifanya hivyo hivyo.

"Nipe nilione tena," alisema.

Kadzo alifungua pindo la leso. Karatasi ilikuwa imelowa jasho. Jedida aliikunjua, akaitazama kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma neno gumu.

"Nisamehe, dada. Siku ile nilikosea kusoma. Hapa hapajaandikwa Subira. Pameandikwa Rudi."

"Mwalimu mzima ukosee?"

"Mwalimu asiye na cheti."

Kadzo alicheka kwa sauti, kicheko ambacho Jedida hakuwahi kukisikia kwake, akamshika mikono yote miwili. Alhamisi alikuwa ameshafunga mzigo wake. Kabla ya kuondoka alimpitia kila mtu kumuaga, na kila aliyeagwa aliambiwa jinsi mwalimu alivyokosea kusoma na jinsi Mungu alivyomrekebisha. Ijumaa Mapenzi akaja mlangoni na karatasi yake mkononi, akauliza kwa adabu kama labda na lake lilisomwa vibaya.

"Ulimuuliza Mungu nini?" Jedida akamuuliza. Aliposikia, akamsomea neno lililofaa.

Basi habari ikaenea kambini kwamba mke wa karani hajui kusoma sawasawa, na kwamba ndiyo sababu wakubwa wamemweka nyuma ya darasa. Masha alisikia. Gerishom alisikia pia, na kwa kuwa ukweli hakuweza kuusema, ilimbidi anyamaze atazamwe kama mume wa mjinga. Hiyo ndiyo furaha pekee aliyoipata Jedida, na ilikuwa ndogo. Wanawake walimjia mmoja mmoja, hata walioweza kusoma kidogo, na yeye akawasomea. Alijua anachofanya. Easter alinong'oneza uongo akiwa amekaa kitini, na yeye ananong'oneza wake mlangoni, na hakuna hata mmoja wao aliyemuuliza Mungu kitu. Hakuona raha, lakini hakuacha.

Jumapili moja ya mwezi wa pili, Gerishom akiwa kwenye kamati, Jedida aliketi mezani akatoa zile karatasi zake nne kwenye Biblia. Kopo la sukari lilikuwa mbele yake na chini yake hapakuwa na kitu. Alizikunjua moja baada ya nyingine, akazipanga kwa miaka, themanini na tatu mpaka themanini na sita. Kisha akaichukua ile ya kwanza, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Alitamani atokee mtu, yeyote yule, amnyang'anye aitazame, amwambie dada, nisamehe, siku ile ulisoma vibaya.

Lakini Jedida alijua kusoma.