Vidonge vya Pinki vya Siku za Kazi Kubwa

Fundi alikuwa na ulimi mkali kuliko mkasi wake. Mteja akija na kitambaa chenye lebo ya ng'ambo, alimkata maini: "Dada, jora ni lilelile. Wewe umenunua lebo."

Kifafa hakikuwa kimemwangusha kwa miaka miwili, ndiyo maana tajiri wake alimkabidhi cherehani ya umeme. Akianguka tena, ni kona ya kushona vifungo kwa mkono, pamoja na mwenzao waliyemwita Bibi Vifungo. Jina hilo la kejeli fundi ndiye aliyelibandika.

Siku moja kliniki wakampa vidonge vyeupe badala ya vile vya pinki alivyovizoea.

"Dawa ni ileile, mama," nesi alisema. "Kiwanda tu ndicho tofauti, na bei imeshuka."

Fundi akaitikia kwa kichwa, huku moyoni akisema hakuzaliwa jana. Dawa rahisi hiyo! Chaki tupu, tena ya kuchoria suruali.

Vya pinki vilibaki kumi na viwili. Kwa elimu yake yote ya darasa la saba, akaviweka akiba kwa siku za kazi kubwa. Siku nyingine hakumeza kitu. Vyeupe vikalala kwenye kopo la bobini za uzi, naye akajiona daktari bingwa.

Ikafika siku ya sare za shule. Akameza cha pinki, akakaa kitini kama malkia. Alipozinduka alikuwa sakafuni, ulimi umeumwa, na mguu wa kaptura umeshonwa kwenye shingo ya shati.

Mdogo wake akamburuta kliniki na pakiti zote mbili. Nesi akaonyesha maandishi madogo chini ya yale makubwa. Jina la dawa lilikuwa moja.

"Vyeupe umemeza vingapi?"

Fundi akajifanya anasoma pakiti.

"Jibu, dada," mdogo wake akamchokoza. "Leo ulimi umeuacha kazini?"

"Hata kimoja."

"Basi kidonge usikisingizie," nesi alisema. "Ukiwa na wasiwasi njoo uulize. Dawa ya kifafa haikatizwi."

Jumatatu tajiri alimwonyesha kona. "Miezi sita bila kuanguka, kiti chako utakikuta."

Bibi Vifungo akamsogezea kigoda. "Karibu, Mama Lebo."

Mteja akaingia, akachukua shati na kugeuza kola kutafuta lebo. Fundi akafumbua kinywa. Kisha akakumbuka pakiti zake mbili, akatia humo kidonge cheupe, akafunga mdomo.